Diski ya Pili

Kwa miaka 17 niliamini kwamba katika sinema ile ya Kithai aliyekufa ni mume. Hivyo ndivyo Mama Mdogo alivyotusimulia, na pale sebuleni hakukuwa na mkubwa mwingine wa kumsahihisha.

Ilikuwa mwaka 2000, Tunduru, nami nikiwa darasa la sita. Mawe ya vito yalikuwa yameibuka kwetu tangu 1994, na nyuma ya mawe wakaja wanunuzi, Wathai na Wasri Lanka wakiwa mbele. Kufikia mwaka huo wengi walikwishahamia Ilakaka, Madagaska, ambako safaya zilikuwa zimegundulika 1998, lakini nyumba chache zilibaki na wenyewe. Katika moja ya nyumba hizo Mama Mdogo alikuwa mpishi. Baba yangu alikuwa broka, yaani dalali wa mawe, kwa hiyo aliingia kwa mlango wa mbele na vipaketi vyake vya karatasi nyeupe, na mimi niliingia kwa mlango wa jikoni.

Meza ya kununulia ilikaa dirishani, imetandikwa kitambaa cheupe. Mchana hatukuruhusiwa kuisogelea. Nilikuwa nachungulia tu: mnunuzi anashika jiwe kwa kibano, analigeuza kwenye mwanga, analirudisha mezani, kisha anavuta kikokoteo na kubonyeza namba. Anamsogezea Baba. Baba anafuta, anaandika ya kwake, anarudisha. Kikokoteo kinaweza kwenda na kurudi mara kumi bila mtu kutamka neno. Nilikua nikidhani ndivyo Kithai kinavyozungumzwa.

Jioni jenereta ikiwashwa, kitambaa kinakunjwa, na televisheni inageuzwa kuelekea kwenye mkeka. Wenye nyumba wakitoka kwenda kwa wenzao, Mama Mdogo alikuwa na ruhusa ya kuwasha deki. Sidii zao walikuja nazo kutoka kwao, zile za VCD, ambazo moja hubeba dakika 74 hivi tu. Sinema ya dakika 100 haitoshi, kwa hiyo inakatwa vipande viwili, diski ya kwanza na ya pili. Kasha la sinema ninayoisema lilikuwa na nafasi mbili. Nafasi moja ilikuwa tupu.

Jina lake hatukulijua. Maandishi yote yalikuwa ya Kithai, na maneno ya kutafsiri chini ya picha hayakuwepo, maana ile ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kwao. Tulikuwa watoto watano au sita, na Mama Mdogo kakaa kwenye kigoda nyuma yetu, anachambua mchele. Tulizoea sinema za kutafsiriwa, zile kanda ambazo mtafsiri Lufufu anazungumza juu ya sauti za waigizaji hadi unasahau kwamba wao wana lugha yao. Basi sisi tukamgeukia Mama Mdogo. "Tutafsirie."

Akatutafsiria. Hakujua Kithai zaidi ya majina ya vyakula, lakini alikuwa na macho.

Giza linaingia mchana, jua linaliwa. Mume anachukuliwa vitani, mke ana mimba, wanaagana gatini, mtumbwi unaondoka naye anabaki anaita. Nyumba yao imeinuliwa juu ya nguzo, mto uko chini yake. Nywele za yule mwanamke zimekatwa fupi kama za mvulana, meno yake meusi. Mama Mdogo akaacha mchele. "Tambuu hiyo," akasema. Mama yake alikuwa mtu wa Kilwa Kivinje, akila tambuu na popoo maisha yake yote. "Hawa ni watu wa maji kama kina Bibi." Tangu hapo wale wakawa jamaa zetu.

Kisha mume anajeruhiwa, yuko mahututi, na huku nyumbani mke ameshikwa na uchungu. Picha zinapishana, huyu anapiga kelele huku, yule anahema kule. Halafu kimya. Halafu mume anarudi kwa mtumbwi, na mke yuko gatini na mtoto mkononi.

"Amekufa," Mama Mdogo akasema.

"Nani?"

"Mume. Huyu aliyerudi siye. Alikufa kulekule vitani. Huyu ni mzuka umekuja kumuaga mkewe, na mke hajui, masikini, anampikia."

Tukaitazama nusu saa iliyobaki ya diski ile kwa macho hayo. Kila mara mwanamume anapocheka tulishikana mikono. Majirani wakimtazama kwa woga, tulielewa kwa nini. Ilipofika mahali pa kunoga, skrini ikawa ya buluu. Diski ya kwanza imekwisha.

Diski ya pili tuliitafuta. Chini ya kabati, ndani ya makasha mengine, hata kwenye begi la dereva. Haikuonekana. Wiki nzima tulikuwa tukishuka kisimani mtu mmoja anasimama juu ya jiwe anaita kwa ile sauti ya gatini, "Phii Maak khaa", na wengine wanakimbia na ndoo.

Lazima niseme na hili, maana bila hili hutaelewa kwa nini alitafsiri vile. Mumewe Mama Mdogo alikwenda Mererani mwaka 1997, kwenye tanzanite. Aprili 1998 mvua kubwa zilijaza mashimo ya Mererani na wachimbaji wengi walifia chini. Kutoka kwa Baba Mdogo haikuja barua, haikuja salamu, haukuja mwili. Kila lori lililoingia kutoka Songea, Mama Mdogo alitoka mlangoni akifuta mikono kwenye kanga. Mimi nilikuwa mtoto, nilidhani anapenda kuona magari.

Mawe niliyarithi. Leo nauza mwenyewe, spineli za Mahenge na chochote kizuri kinachotoka kwetu Kusini, na safari za Bangkok nimezizoea: Silom, Barabara ya Mahesak, na mwisho wa wiki Chanthaburi, ambako mafundi wa kupika mawe wanaligeuza jiwe lililofifia likawaka. Mwaka 2017 nilikuwa ndani ya treni ya juu na dada mmoja Mthai ninayefanya naye biashara, tunakwenda kumwona fundi wa kuchonga. Spika ikataja kituo: Phra Khanong. Yule dada akaniuliza kama namjua Mae Nak wa Phra Khanong. Nikasema simjui. Akaanza kunieleza: mume alikwenda vitani, mke mjamzito akabaki kando ya mfereji…

Nilimkatiza. Nikamwambia hiyo nimeiona, nikiwa mtoto, Tanzania, na mume ndiye aliyekufa.

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jua huchomoza magharibi. "Hapana, dada. Nak ndiye aliyekufa. Alikufa akijifungua, yeye na mtoto. Mume ndiye mzima."

Treni ikafika On Nut tukashuka, na mimi bado nasikia moyo unanidunda. Mchele uliochambuliwa, mkeka, ile nyumba yote ikageuka kichwa chini, miguu juu. Mwanamke tuliyemwonea huruma kwa kumpikia mzuka ndiye aliyekuwa mzuka. Wale majirani hawakuwa wanamwogopa mume. Walikuwa wanamwogopa yeye.

Fundi alisubiri. Tulichukua bodaboda hadi Wat Mahabut, hekalu lililo kando ya mfereji wa Phra Khanong, kwenye kichochoro namba 7 cha On Nut. Kibanda cha Mae Nak kiko humo. Sanamu yake imebandikwa karatasi za dhahabu na watu wanaoomba, mtoto yuko naye, na pembeni yamejaa magauni, vipodozi na midoli aliyoletewa mtoto. Kuna televisheni kwa ajili yake, asichoke kukaa. Niliitazama sana ile televisheni. Wajawazito wengine humkwepa, wengine humjia. Na vijana humjia kabla ya bahati nasibu ya jeshi ya kila Aprili, ambapo kijana anatumbukiza mkono na kutoa karatasi: nyekundu anakwenda, nyeusi anarudi nyumbani. Wanaamini Nak hawezi kupenda jeshi, kwa sababu jeshi ndilo lililomchukulia mume. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda upya.

Nikanunua DVD siku hiyohiyo, kwenye duka la sidii zilizotumika. Jina lake ni Nang Nak. Nang ni kama Bi kwetu, kwa hiyo ni Bi Nak tu, jina la heshima, kama ungemwita jirani. Aliyeiongoza ni Nonzee Nimibutr, mtu aliyeanzia kwenye kuongoza matangazo ya biashara, na aliyeandika ni Wisit Sasanatieng. Ilitoka 1999, miaka miwili baada ya baht, fedha ya Thailand, kuanguka na sinema za Kithai kupungua hadi chache kwa mwaka, ikaingiza karibu baht milioni 150, kiasi ambacho hakuna sinema ya kwao iliyokuwa imekifikia kabla. Hadithi yenyewe ilikwishaigizwa mara nyingi mno. Alichofanya Nonzee ni kuwarudisha watu kwenye wakati wao, mwaka 1868, mwaka wa kupatwa kwa jua ambako Mfalme Mongkut mwenyewe alisafiri kwenda kukutazama, akapata malaria, akafariki miezi miwili isitimie. Akawakata nywele, akawatia weusi wa tambuu menoni. Mizuka ya zamani ilikuwa na nywele ndefu na midomo myekundu. Huyu ana meno ya Bibi yangu, na ndiyo maana sisi wa Tunduru tulimpokea bila kuuliza.

Kuna simulizi nyingine niliyoisoma baadaye na kuipenda kidogo tu. Mwaka 1899 gazeti moja la Siam, jina la zamani la Thailand, liliandika kwamba Nak alikuwapo kweli, mtoto wa mkuu wa Phra Khanong, akafa mjamzito, na watoto wake ndio waliojifanya mzuka na kurusha mawe usiku ili baba yao asioe tena na mali isigawanywe. Inawezekana. Lakini ugomvi wa mirathi haujazi magauni kwenye kibanda kwa zaidi ya miaka mia.

Nilichokipenda zaidi ni neno. Kithai ni lugha ya kupandisha na kushusha sauti. Mke akimwita mumewe kwa upendo anamwita phi, yaani kaka, na sauti inashuka. Mzuka nao unaitwa phi, lakini sauti inapanda. Kwa masikio yetu ya Kiswahili ni neno moja. Sinema nzima yule mwanamke anaita "Phi Mak", kaka Mak, na sisi kisimani tukarudia kwa sauti zetu, bila shaka tukipandisha pa kushusha. Tulikuwa tunamwita mzuka Mak. Hata kwa kuita tulimfanya mume ndiye mfu.

DVD nayo ina mambo yake. Watengenezaji waligawa dunia kwa maeneo: Thailand na jirani zake ni namba 3, Tanzania ni namba 5, na deki inayofuata sheria haifungui diski ya eneo lisilo lake. Deki yangu ya kwanza Dar ilinikatalia, ikaandika kosa na kutema diski. Nikaenda kwa fundi Kariakoo, akanipa deki ya Kichina ya bei rahisi isiyojali namba. Ikafunguka.

Mama Mdogo sasa anaishi nami Mbagala. Macho yamepungua, picha anaona, maandishi haoni. Nilikaa na ile diski karibu mwaka kabla ya kumwonyesha, kwa sababu sikujua nitamwambiaje. Jioni moja umeme ukiwapo, nikamketisha, nikamwambia, "Mama, nimeipata ile ya gatini. Nzima."

"Na ya pili?"

"Zote ziko kwenye diski moja sasa."

Akavuta kiti karibu. Safari hii mimi ndiye niliyekaa nyuma. Nikasoma Kiingereza kilichoandikwa chini na kumwambia kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Sikumwambia mapema. Niliacha sinema yenyewe iseme.

Ilisema taratibu. Rafiki yake Mak anajaribu kumwambia ukweli, Mak anamfukuza kwa hasira. Mama Mdogo akasema, "Hata ningekuwa mimi ningemfukuza." Kisha likaja lile tukio ambalo Wathai wote wanalijua tangu wadogo: Nak anatwanga pilipili, ndimu inamponyoka na kupenya kwenye nafasi ya mbao hadi chini ya nyumba, na badala ya kushuka ngazi anaunyoosha mkono, unarefuka, unarefuka, hadi chini, anaiokota ndimu. Mak anaona. Nilisikia pumzi ya Mama Mdogo ikikatika.

"Ni yeye," akasema. "Kumbe ni yeye."

"Ndiyo, Mama."

"Alifia kwenye uchungu."

"Ndiyo. Na mtoto."

Akanyamaza. Halafu akasema neno ambalo sikulitarajia. "Huyo kwetu ni shahidi."

Ni kweli. Kwa Waislamu mwanamke anayefia kwenye uzazi anahesabiwa miongoni mwa mashahidi, na msiba wake watu huulilia kwa namna ya peke yake. Kwa Wathai kifo hichohicho, mama na mtoto kwa pamoja, kina jina lake, na mzuka wake ndio mkali kupita mizuka yote. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu siku ile. Naona Nonzee alilijua bila kulijua. Kuna tukio hekaluni, watawa wameketi wanasoma, Mak yuko katikati yao, na Nak anaonekana juu, amesimama darini kichwa chini. Linatisha. Nimeliona mara tano na bado linanisimamisha vinyweleo. Lakini ukitazama uso wake, anamtazama mumewe tu. Anaumia kama mama yeyote aliyefungiwa mlango wa wodi.

Mwisho anakuja mtawa mkubwa, Somdej Toh, mtu aliyekuwapo kweli katika historia yao. Haji na kelele wala dawa. Anakaa kaburini, anazungumza naye taratibu hadi anakubali kuondoka. Mume na mke wanaagana hapo, mmoja mzima mmoja mfu, wote wanalia. Kisha kipande cha mfupa wa paji la uso wake kinatolewa na roho yake inafungwa humo. Intira Jaroenpura, aliyecheza Nak, hakuwa hata na miaka 20 wakati huo. Winai Kraibutr, aliyekuwa Mak, alifariki Machi 2024, na habari hiyo ndiyo iliyonifanya nikae kuandika haya. Nilipoisoma niliona kwamba safari hii kweli aliyekufa ni mume.

Lakini nilikuwa nasimulia jioni ile. Sinema ilipokwisha, majina yakawa yanapanda kwa Kithai na hakuna aliyeinuka. Nilidhani Mama Mdogo ataniuliza habari za ule mfupa, au za mtoto. Alikuwa ameshika ncha ya kanga, anaikunja na kuikunjua.

"Mwanangu, rudisha nyuma."

"Wapi, Mama?"

"Mwanzo. Pale gatini."

Nikarudisha. Mtumbwi ukaondoka tena, jua likiwa limekwishaliwa na kurudi, yule mwanamke mwenye nywele fupi amesimama ukingoni na tumbo lake. Akaita. Na nyuma ya sauti yake, chumbani mwangu Mbagala, Mama Mdogo naye akaita polepole, bila kukosea hata herufi, akiishusha sauti mahali inaposhushwa.